Chungu Kilichooshwa Mara Saba

Tangu pirogi, ule mtumbwi mrefu wa mota, itoke Yangambi, Zaina hakugeuza shingo hata mara moja. Alikaa katikati ya mizigo ya baba yake, amejifunga kitenge mpaka kidevuni, akiangalia maji. Lakini mgongo wa mtu anayependa una macho yake. Alijua kwamba Lambert amekaa nyuma kabisa, karibu na Pierre mwenye mota. Alijua ameweka miguu juu ya mfuko wake wa turubai. Alijua hata kwamba anamwangalia, maana masikio yalikuwa yanamwaka moto.

"Weye mutoto, shingo inakuuma?" aliuliza Koko Asha.

Huyo alikuwa bibi yake, mama mzazi wa Papa Asumani. Alilala juu ya mkeka kati ya magunia mawili ya mchele. Walikuwa wametoka Isangi kwenye matanga ya mdogo wake, na tumbo lilikuwa linamwendesha tangu jana.

"Hapana, Koko."

"Basi geuka kidogo. Ukiangalia maji hivyo, samaki nao watakuja kukuposa."

Zaina alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Siku ile ilikuwa Jumanne. Ijumaa, pale nyumbani Kisangani, wazee wa Lukumani walikuwa wanakuja kufunga maneno ya ndoa. Lukumani alikuwa mtoto wa kaka mkubwa wa baba yake, mfanyabiashara wa Kindu, mtu mpole, mwenye sala. Zaina alikuwa amejaribu kumtafutia kosa mwezi mzima, akapata moja tu, kwamba anakohoa kabla ya kusema jambo. Kwa kosa kama hilo binti hawezi kukataa mume.

Na Lambert je? Lambert alifanya kazi ya kupima miti kule Yangambi. Kwenye karatasi za kazi aliitwa jina lingine, kama watu wote mwaka ule serikali ilipokataza majina ya Kizungu, lakini mtoni kila mtu alimwita Lambert. Kila mwisho wa mwezi alipanda Kisangani, akaingia duka la Papa Asumani, akanunua chumvi. Miaka miwili alinunua chumvi. Siku moja Papa Asumani alimuuliza kama analitia chumvi pori zima, na Zaina, aliyekuwa nyuma ya mizani, alilazimika kuinama akijifanya ameangusha kitu. Ni pale walipoangaliana sawasawa kwa mara ya kwanza, yeye akiwa chini, Lambert akiwa juu anainamia mizani.  Mioyo ilikuwa imekwisha kukubaliana.

Miezi mitatu nyuma Lambert alimtuma Pierre kwa baba, kwa heshima, aulize kama mlango uko wazi. Jibu lilirudi siku ile ile.

"Mumuambie," Papa Asumani alisema, "mi sina binti wa kumupa mutu anayekula kila kitu inayotembea porini."

Ndiyo maana asubuhi hii, Lambert alipopanda pirogi na kusalimia, Papa Asumani aliitikia kwa pua.

*

Saa nane mchana wingu jeusi lilishuka. Upepo ukaanza kuwapiga ubavuni, mvua ikafunika ng'ambo zote mbili, na Pierre hakuona tena mbele. Gogo lililokuwa limezama likapiga chini ya pirogi. Elisi, kile kipande cha mota kinachozunguka majini, kilikatika. Mbao za mbele zikafunguka. Maji yaliingia na kuchukua kapu la vyombo, sufuria zote za Koko Asha, sahani na birika. Pagai moja, lile kasia la mkono, ilikwenda nayo.

Lambert aliruka ndani ya maji yaliyomfika kifuani, akashika kamba na kuivuta pirogi, Pierre akisukuma nyuma, mpaka wakafika kwenye kisiwa kisicho na mtu. Msitu ulikuwa umeota mpaka ukingoni. Papa Asumani alimbeba mama yake mgongoni. Zaina aliburuta gunia moja la mchele lililobaki kavu, na hakujua nguvu zile alizitoa wapi.

"Pirogi zinapita upande wa kulia," Pierre alisema akitazama mto. "Huku hawapitake. Itabidi tuizibe hii, ao tungoje mutu apotee njia kama sisi."

"Kuziba ni siku ngapi?" Papa Asumani aliuliza.

"Mbili. Na tukipata utomvu."

Papa Asumani alihesabu kwa vidole, akafika Ijumaa, akafumba mkono.

Pierre alijaribu kuwasha moto. Alikusanya matawi yaliyoanguka, akawasha kiberiti cha kwanza, cha pili, cha tano. Moshi ulitoka, moto haukutoka.

"Wachia hapo, ndugu," Lambert alisema. "Muti wenye kulala umekunywa mvua siku nyingi. Tafuta wenye kufa umesimama. Tumbo yake iko kavu."

Akachagua mti mmoja mkavu, mwembamba, uliosimama kati ya wengine, akaukata, akaupasua mpaka moyo wake mwekundu ukaonekana. Ulikuwa mkavu kama biskuti. Akampa Zaina kipande na kisu bila kumtazama usoni.

"Kwangua. Nyembamba, kama nywele."

Zaina akakwangua. Lambert alitoa mfukoni bonge la sandarusi, ule utomvu wa mti unaoganda kama kioo, akalivunja juu ya makwanguo, akawasha. Liliwaka kwa moshi mweusi na harufu ya kanisa. Walipokuwa wanakinga moto ule mchanga kwa viganja, vidole vyao viligusana. Hakuna aliyeondoa vyake haraka.

"Zaina," baba yake aliita, "kamata mama yangu kichwa."

Jioni ile Lambert alisimamisha miti minne, akaezeka kwa majani mapana, yaliyopangwa kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Alimtafutia Koko maji ya kunywa kwenye kamba nene za msituni, zile zinazotambaa juu ya miti. Alimwonyesha Zaina: unakata juu kwanza, halafu chini, ukianza chini, maji yanapanda na kukimbia. Kamba tatu zilitoa kiasi cha kikombe kimoja tu. Kisiwa kilikuwa kidogo, hazikuwepo nyingine. Samaki alipatikana kwa ndoana. Papa Asumani alimpasua kwa kisu chake mwenyewe, wakamwoka juu ya vijiti vibichi na kula, isipokuwa Koko Asha. Kila alichoonja kilirudi.

*

Asubuhi Koko alikuwa amebadilika. Macho yaliingia ndani, midomo ikapasuka. Zaina alipovuta ngozi ya mkono wake, ilibaki imesimama kama kitambaa.

"Anahitaji maji ya moto," Lambert alisema, "na uji ya mchele, nyepesi, na chumvi kidogo. Hii ya mto hawezi kunywa hivi. Itamumaliza."

"Tutachemsha ndani ya nini?" Papa Asumani aliuliza. "Sufuria zote zimekwenda."

 Lambert akafungua mfuko wake wa turubai, akatoa chungu cha chuma, kizito, cha miguu mitatu, chenye mfuniko. Kilikuwa cheusi na kinang'aa kama jiwe la mtoni lililolowa. Zaina alikuwa anakijua bila kukiona. Lambert alimsimulia dukani, kati ya kilo moja ya chumvi na nyingine: kilikuwa cha marehemu baba yake, aliyekuwa mpishi wa watu wa kupima msitu. Hakioshwi kwa sabuni. Kinafutwa, kinapakwa mafuta, kinarudishwa motoni, na kila mwaka ngozi yake inazidi kuwa laini, mpaka wali haushiki.

Papa Asumani aliangalia chungu kwa muda mrefu.

"Kijana. Hii chungu imepikaka nini?"

Lambert aliinua macho, na macho yake yakaangukia kwa Zaina.

Hapa ndipo Zaina alipofanya jambo ambalo baadaye lilimwaibisha. Alitikisa kichwa. Kidogo sana, baba asione. Alimwomba kwa macho yote mawili: sema samaki. Sema mihogo. Nani atajua? Koko atakunywa, atapona, na baba ataona mkono wako ulivyo mwema. Neno moja tu.

Lambert aliyasoma yote usoni mwake. Kisha akamgeukia baba.

"Ngulube, Papa. Ngulube ya pori. Mwezi jana, na mara nyingi mbele ya ile. Mafuta yake njo ilifanya iwe nyeusi hivi."

Nguruwe wa porini, amemtaja kwa jina lake. Pierre alitema mate majini. "Weye nawe. Huwezi hata kukohoa kwanza?"

Papa Asumani hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Unaona, Zaina," na Zaina alijua anazungumzia ile posa ya miezi mitatu nyuma.

"Papa, lakini Koko anaumwa," Zaina alisema. "Mungu anaona hatuna ingine. Si kuna ruhusa?"

"Ruhusa iko. Kwa mutu anayekufa."

"Na mi sijakufa," Koko Asha alisema kutoka kwenye majani. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Munaongea juu yangu kama niko tayari udongoni. Miaka sabini ile nyama haijapita hapa kwa koo. Leo nianze, kwa kisiwa, na mbu wanaangalia?"

"Mama..."

"Sinywi, Asumani. Usinilazimishe."

 Moto ulilia kidogo. Lambert alikigeuza chungu mikononi, akipitisha dole gumba juu ya ukingo wake, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kabla ya kumpeleka kuchomwa sindano.

"Papa Asumani," alisema, "inafanywa nini ili ikuwe safi?"

"Inaoshwa mara saba, mara moja kati ya ile na udongo. Lakini kwanza kitu yenyewe itoke. Mafuta ikibakia ndani, hata uoshe mara mia."

"Mafuta itatoka. Nitaichoma."

Pierre aliruka. "Lambert! Ile ngozi ni miaka makumi mbili. Ya baba yako! Ukiichoma itabakia chuma tupu, kesho kutu."

"Najua."

"Na kwa nini?"

"Koko ana kiu," Lambert alisema, na akaenda kutafuta kuni ngumu.

Alichimba shimo, akajaza makaa, akakilaza chungu kifudifudi, akakifunika kwa kuni juu na pembeni mpaka hakikuonekana. Moshi wa kwanza ulikuwa mzito, wa mafuta ya zamani, na Papa Asumani aligeuza uso. Baadaye moshi ukawa mweupe, halafu ukakatika. Chuma kikaanza kuwa chekundu mle ndani. Ule weusi uling'oka kama maganda. Lambert alikaa karibu akiongeza kuni, jasho likimtiririka, hakusema kitu. Zaina alimwangalia waziwazi sasa, na baba yake alimwona anamwangalia, na kwa mara ya kwanza hakumwita.

Lambert alipouondoa moto, chungu kilikuwa cha kijivu, kibovu kutazama, kama mzee aliyenyolewa nywele akiwa mgonjwa.

"Sasa tungoje," alisema. "Kipoe yenyewe, polepole. Musikiguse. Nakwenda kutafuta utomvu ya kuziba pirogi na Pierre, nitarudi."

Alikwenda. Jua lilipanda. Koko Asha alianza kusema maneno yasiyofuatana. Alimwita mdogo wake, yule waliyemzika Isangi, amletee maji. Papa Asumani alisimama, akakaa, akasimama tena. Miaka yote dukani mtu huyu hakuwahi kuonekana na haraka. Sasa alikuwa anakizunguka chungu.

"Imepoa," alisema.

"Papa, alisema tungoje."

"Tungoje nini? Haiko nyekundu tena. Kuosha mara saba inachukua wakati, Zaina. Mama yangu anaondoka."

Zaina aliona joto likicheza juu ya chuma kama linavyocheza juu ya barabara. Alitaka kumshika mkono. Lakini binti hashiki mkono wa baba yake, na yeye mwenyewe alikuwa anataka maji yale yapatikane haraka. Papa Asumani alikinga maji ya mto kwenye jani kubwa, akasema bismillahi, akamimina.

Mlio ulitoka kama bunduki. Mvuke ukapanda. Ulipoondoka, ufa ulikuwa umeshuka kutoka ukingoni mpaka nusu ya tumbo la chungu, mwembamba, mweusi, hauna huruma.

Lambert alitokea mbio, utomvu mkononi, Pierre nyuma yake. Akaona. Hakuuliza nani. Papa Asumani alikuwa bado ameshika jani.

"Kijana," alisema, akaliangusha jani.

Lambert alipiga magoti, akafuata ufa kwa kidole bila kuugusa. Kisha akainuka, akaweka utomvu chini, akatembea kwenda ukingoni, akasimama akiwapa mgongo.

*

Zaina alimfuata. Hakuomba ruhusa. Alisimama hatua mbili nyuma yake, kama inavyotakiwa, kisha akaona hatua mbili ni nyingi, akapunguza moja.

"Unalia?"

"Nilisikia kuchoka tu." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Baba alikibeba mpaka Opala na mpaka Banalia kwa kichwa. Alisemaka, watu wa station ya kupima msitu watasahau jina yangu, lakini hawatasahau mchuzi yangu."

"Papa hakujua. Kwetu ni sufuria za aluminiamu tu. Unamwaga maji wakati unataka."

"Najua hakujua. Angekuwa mama yangu, ningefanya vile vile."

Mto ulipita. Zaina alitafuta pa kuanzia.

"Mi nilikuomba uongo," alisema. "Kwa macho. Uliona."

"Niliona."

"Unaniwaza namna gani sasa?"

"Nawaza unapenda bibi yako." Akageuka. Ilikuwa siku ya pili tu wako karibu hivi, bila mizani katikati, na uso wake ulikuwa na majivu shavuni. "Na nawaza, mutu akidanganya baba yako siku ya kwanza, siku ya pili atadanganya nani? Ni weye."

Zaina aliangalia majivu yale. Mkono wake ulitaka kuyafuta, akaufunga ndani ya kitenge.

"Kwa nini ulipanda ile pirogi, Lambert? Pierre alikuambia juu ya Ijumaa."

"Aliniambia. Nilisema nitamuongelesha baba yako njiani, ndani ya pirogi, pahali hawezi kufunga duka."

Zaina alicheka, na kicheko kikageuka, machozi yakashuka. "Na hukusema kitu."

"Alinisalimia kwa pua. Nikangoja pua ipone."

Nyuma yao Pierre alipiga kelele kwamba mgonjwa hapikiwi na mapenzi, na kama chungu kimekufa aambiwe aendelee na pirogi. Lambert alishtuka, kama amekumbuka jambo.

"Hakijakufa chote," alisema. "Ufa iko upande moja."

Wakarudi. Alikigusa chungu, sasa kilikuwa cha vuguvugu. Akamwita baba.

"Papa, mara ya kwanza ulikwisha kuosha. Endelea. Zaina ahesabu."

Papa Asumani alikunja mikono ya kanzu. Alisugua kwa udongo wa ukingoni, akasuuza, akasugua tena, na Zaina alihesabu kwa sauti mpaka saba. Lambert alipanga mawe, akakiegemeza chungu juu ya makaa kikiwa kimeinama, upande wa ufa ukiangalia mbingu. Upande mzima ulishika maji kama ya vikombe viwili. Yalichemka. Maji ya kwanza waliyapooza, wakampa Koko kwa kijiko cha jani, tone kwa tone. Halafu Zaina akatia konzi ya mchele na chumvi kidogo kutoka mfuko wa Lambert, akakoroga kwa kijiti kipya. Uji ulinuka chuma.

Koko Asha alikunywa. Haukurudi. Akanywa tena. Walipika mara tano siku ile, vikombe viwili vikombe viwili, na kila mara Papa Asumani ndiye aliyekaa kushikilia chungu kisianguke, moshi ukimwingia machoni.

Jioni bibi alifungua macho, safari hii macho yenye mtu ndani.

"Nani alipika?"

"Zaina, Mama," Papa Asumani alisema. Kisha, kwa sababu mtu wa kweli alikuwa amekaa mbele yake, akaongeza, "Na huyu."

"Inanuka misumari," Koko alisema. "Leta ingine."

*

Pirogi ilizibika Alhamisi alfajiri, kwa sandarusi iliyoyeyushwa na vitambaa vya kitenge. Pierre alichonga pagai ya pili, akasema Kisangani haiko mbali, hata bila mota watafika kabla ya jioni. Lambert aliketi akivunja kambi, akifukia makaa, na Papa Asumani akaja kusimama mbele yake.

"Nilivunja kitu ya baba yako," alisema. "Siwezi kuirudisha. Nakuomba radhi."

"Imekwisha, Papa."

"Haijakwisha. Unataka kusema kitu. Tangu Yangambi unataka. Sema."

Lambert aliinuka, akafuta mikono. "Namutaka Zaina. Lakini si kwa sababu ya chungu. Ukinipa kwa ajili ya ile, sitapokea. Chungu ni chungu."

"Weye si wa dini yetu."

"Najua."

"Ungesema shahada leo, hapa hapa, ungesema?"

Zaina aliacha kufunga mkeka. Pierre naye aliacha kamba. 

"Leo ningeisema kwa ajili ya Zaina," Lambert alijibu. "Mungu angejua, na weye pia ungejua. Nipe muda nisome. Nikiingia, niingie na miguu yangu. Nikishindwa, nitakuambia, kama nilivyokuambia juu ya ngulube."

Papa Asumani aliguna. "Kijana hajipose mwenyewe. Nani mukubwa wako? Nani atasema kwa niaba yako?"

"Baba alikufa. Tonton yangu, ndugu ya baba, iko mbali, na hajui maneno ya kwenu."

"Mi nitasema," Koko Asha alisema.

Alikuwa ameketi, amejifunika, mwembamba kama ufito.

"Mama, weye ni bibi wa binti. Unakaa upande yetu."

"Nitakaa upande penye uji. Haikatazwe. Utafute kitabu kama unataka."

Papa Asumani alitaka kucheka, akajizuia, akamgeukia binti yake. Uso wake ukawa mzito.

"Zaina. Siku nilikuuliza juu ya Lukumani, ulinyamaza. Kwetu binti akinyamaza, amekubali. Nilifurahi, nikatuma jibu kwa mukubwa wangu. Leo nauliza tena, na sasa nataka kusikia sauti. Ukinyamaza, tutapanda hii pirogi, na kesho wazee watakaa kwangu."

Lambert aligeuka akatazama msitu, asimsukume kwa macho. Zaina aliweka mkeka chini. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Alikuwa ameishi miaka kumi na tisa kwa kunyamaza, na watu walimsifu kwa hilo.

"Siku ile sikukubali, Papa. Niliogopa." Sauti ilitoka ndogo, akaipandisha. "Lukumani ni mutu muzuri, sina baya yake. Simutaki. Huyu njo ninamutaka. Asiposoma, asipoingia kwa moyo yake, sitatoroka kwako kwa dirisha. Nitakaa, nitapima chumvi mpaka nizeeke. Lakini kwa Lukumani sitakwenda."

Maji yaligonga ubavu wa pirogi. Papa Asumani alivua kofia yake, akaikung'uta majivu, akaivaa tena.

"Nilitoa neno langu kwa mukubwa wangu," alisema polepole. "Wazee watashuka na treni ya Ubundu leo jioni. Nitakwenda kuwangoja gare mimi mwenyewe, niwaambie mbele hawajafika nyumbani. Kosa ni langu, sikukusikiliza nikasema nimekusikia." Akamnyooshea Lambert kidole. "Na weye. Mwisho wa mwezi utakuja kusoma. Utakaa mlangoni kama wanafunzi wote. Chumvi usinunue tena, iko ya kutosha kule kwenu."

"Ndiyo, Papa."

Walipanda. Lambert alishika pagai mbele, Pierre nyuma, na Koko Asha akalazwa katikati. Papa Asumani alikaa peke yake juu ya gunia, akitazama upande wa Kisangani. Nafasi ilikuwepo mbele, karibu na yule kijana, na hakuna ambaye angemkataza Zaina siku ile. Alisimama akishika ubao wa pirogi. Aliona midomo ya baba yake inacheza bila sauti, inasimama, inaanza upya, akaelewa kwamba anatafuta maneno ya kumwambia mkubwa wake.

Akamwangalia Lambert, mara moja, kwa uso wazi. Kisha akaenda kukaa na baba yake.